Hakuna Kilichoonekana

Mama mkubwa, dada yake mama, pale hospitali wanamwita Mama Vioo, na jina lenyewe analipenda kweli. Kazi yake ni kuandaa nyama za wagonjwa zipimwe. Kipande kilichotolewa kwenye uvimbe anakigandisha ndani ya nta, anakikata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, anavinasa kwenye kioo kidogo, kisha anavitia rangi. Mkono wake hautetemeki. Hilo simnyimi, ingawa mengine nimemnyima yote.

Zamani vioo vilisomwa hapo hapo na daktari mmoja mzee, aliyeinamia hadubini huku akifoka, "Hiki nani kakiosha kwa matope?" Alipostaafu hakupatikana mwingine. Ikaletwa mashine. Unaipa vioo, inavipiga picha kimoja kimoja, picha zinakwenda kwa daktari wa mji mwingine, naye anazisoma kwenye kompyuta yake na kurudisha majibu. Mama mkubwa akapagawa. Aliishonea kitambaa cha kuikinga na vumbi, akawa anaipangusa asubuhi na jioni, mpaka baba mkubwa akalalamika, "Mimi hata shati hunipigii pasi siku hizi!" Kwetu nako akija hana habari nyingine. "Macho ya mashine hayachoki," alituambia, "wala hayataki miwani."

Basi mama akatokewa na uvimbe kwenye titi. Nani angempeleka kama si dada yake? Kipande kikatolewa, mama mkubwa akakikata mwenyewe, akaipa mashine yake.

Jibu lilipofika, yeye ndiye aliyeliona kwanza. Alikuja mbio, koti jeupe bado mwilini, simu kaiinua juu. "Hakuna kilichoonekana! Mdogo wangu, umepona!" Mama alikaa sakafuni akalia. Mimi nilicheza, jamani, nilicheza jikoni na mwiko mkononi. Daktari wa kliniki naye akasoma maneno yale yale, akasema mama arudi akiona mabadiliko, haya, mgonjwa anayefuata.

Mabadiliko mama aliyaona, ila kila akiligusa lile titi alijiambia limeshapimwa. Mama mkubwa naye akawa anamtuliza, "Acha kujitia presha bure." Mpaka ngozi ilipoanza kuvutwa ndani na mkono kuvimba, ndipo nikamburuta hospitali mwenyewe.

Daktari wa kliniki alimpigia simu yule wa mbali, akaweka sauti kubwa tusikie sote. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Yule mtu wala hakusita.

"Naiona hapa. Picha ilikuja tupu, kioo cheupe mwanzo mwisho. Ndiyo maana niliandika hakuna kilichoonekana. Nikawa nasubiri mnitumie nyingine."

Kumbe ile mashine hutafuta kwanza rangi iko wapi, ndipo ipige picha hapo. Kipande cha mama kilikuwa na mafuta mengi, na mafuta hayashiki rangi. Palipokolea rangi ni pembeni kabisa mwa kioo, mashine ikapaona uchafu, ikaparuka. Nikawa nasubiri! Mtu mzima, na simu anayo! Anasubiri, na huku sisi tunashangilia kioo kitupu.

Kioo kilipigwa picha upya, safari hii mashine ikielekezwa pale pembeni, jibu likarudi siku hiyo hiyo: saratani. Vipimo vingine vikasema imeshafika kwenye ini.

Wodini mama alikuwa mtulivu kuliko sisi wote. Alimtazama dada yake aliyesimama miguuni pa kitanda.

"Dada, wagonjwa wengine wakiwa wazima, majibu yao huandikwaje?"

"Huandikwa hakuna saratani."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na langu halikuandikwa hivyo."

"Halikuandikwa."

"Uliona kwamba ni tofauti?"

Mama mkubwa akashika chuma cha kitanda. "Niliona."

"Sasa mbona hukuuliza?"

Nilitamani aseme lolote, aseme kazi zilimzidi, aseme alisahau.

"Niliogopa wasije wakanijibu vingine."

Mama akajisogeza ukutani, akampisha akae. Mimi nikatoka nje, maana ningebaki mle ndani ningempiga.