Sailensa ya Harusi

Watu wa kanisa walilinyamazisha gari la Papa akiwa amelazwa hospitalini. Walichanga fedha za kulinyamazishia, wakambebea bibi harusi ndani yake, kisha wakamtumia mwenyewe video ili afurahi. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake video ilipoingia. Gari lake jekundu lilikuwa linaingia kwenye uwanja wa kanisa, limefungwa riboni nyeupe, akina mama wanapiga vigelegele pande zote mbili, nalo linateleza katikati yao kama jokofu linalosukumwa kwenye magurudumu.

"Dada, ongeza sauti," aliniambia.

Sauti ilikuwa imefika mwisho. Nilimwonyesha.

"Donc injini wameizima? Wanaisukuma?"

Hakuna aliyekuwa anasukuma. Moshi mwembamba ulionekana nyuma. Aliitazama tena tangu mwanzo, akaiweka simu kifudifudi juu ya blanketi, na muuguzi alipokuja kupima shinikizo la damu akamwuliza kama anaweza kwenda nyumbani leo hii.

Nitayaeleza kwa mpangilio, kwa sababu tangu siku hiyo nimeyasikia yakisimuliwa kwenye sherehe za watu kama kichekesho, na kila anayesimulia huacha nje yale yasiyochekesha.

Papa ndivyo wote tunavyomwita. Ni Mkongo wa Uvira, anaishi Linden, mtaa mmoja wa Columbus hapa Marekani, na mkewe na watoto, na huendesha foklifti kwenye ghala. Mimi ni Mkenya. Nilikuja Columbus kusoma, nikabaki, na kazi yangu ni kuchunguza madai ya bima, kwa hiyo nimezoea kuuliza nani, lini, na nani mwingine aliona. Tulikutana mtaani kwangu Clintonville, kwenye uwanja wa maegesho ambako wazee wa Kimarekani huleta magari yao ya zamani asubuhi za Jumapili wakati wa kiangazi. Ni yale magari ya miaka ya sitini na sabini, bodi ya kawaida iliyotiwa injini ya V8, ya silinda nane, inayofaa magari mazito zaidi. Wenyewe hufungua boneti, hukunja viti vya turubai, hunywa kahawa na kubishana. Watazamaji husimama mbele, kwenye rangi na vyuma vinavyong'aa. Papa alikuwa amesimama nyuma, karibu na mabomba ya moshi, amefumba macho. Ndiyo maana nilimsalimia.

Asiyewahi kusikia injini hizo atadhani ni kelele tu. Gari likiwa limesimama, V8 ya zamani haina mlio ulionyooka. Inasita, inajikusanya, inasukuma, inasita tena, na ukiegemea ukuta wa gereji unaisikia kwenye meno. Ukikanyaga mafuta, kusita kule kunatoweka na kila kitu kinakuwa kamba moja nene inayovutwa. Mlio huo hautoki kwenye injini peke yake. Unatengenezwa na mabomba: unene wake, urefu wake, mahali yanapopindia na mahali yanapokutana.

Papa alinunua gari lake likiwa na kutu hadi sakafuni. Alilishughulikia majira ya baridi kadhaa, na injini ilipokuwa tayari akasikia habari za fundi mmoja mzee huko Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, aliyekuwa anapinda mabomba kwa mkono. Nilimsindikiza safari ya kwanza kama mkalimani. Fundi alikuwa karibu kiziwi. Aliwasha injini, akaweka kiganja juu ya bodi nyuma ya gurudumu, akatulia hivyo kwa muda, kisha akaanza kuchora kwa chaki sakafuni. Safari zilizofuata Papa alikwenda peke yake, kwa sababu waliona hawanihitaji. Seti ile ya mabomba ndiyo ya mwisho aliyoitengeneza fundi. Baada yake vidole vilikataa, akaifunga karakana.

Walikuwa na makubaliano. Kila masika wapenzi wa magari haya hukutana Louisville, Kentucky, kwenye uwanja wa majani karibu na mto, na jambo kuu la siku ni kuwasha. Magari hupangwa, watu hunyamaza, kisha mmoja mmoja anawasha injini yake na wengine wanasikiliza. Fundi alikuwa amehudhuria tangu ujana wake, lakini mwaka huu afya haikumruhusu. Alimwomba Papa ampigie simu akiwa uwanjani na kuishikilia karibu na bomba. Angeiweka simu kwenye kifua, alisema, aisikie kwa mifupa. Papa alinisimulia jambo hilo kama mtu aliyeombwa kusimamia ubatizo.

Kisha, wiki chache kabla ya mkutano, akafanyiwa upasuaji wa ngiri, na kanisa likafanya kile ambacho kanisa hilo hufanya vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Akina mama walipika kwa zamu. Wanaume walikwenda nyumbani kwake, wakakata majani, wakatengeneza ngazi za nyuma. Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya binti wa kwaya, na kamati ilikuwa inatafuta gari la kumletea bibi harusi. Waliliona gerejini. Mkewe Papa akawapa ufunguo. Siwezi kumlaumu. Kwao gari zuri la mtu mmoja ni gari la harusi na misiba ya wote, na mke anayemnyima bibi harusi gari atasikia habari zake mpaka anazikwa.

Waliwasha. Na hapa ndipo walipofanya kosa ambalo Mmarekani yeyote wa uwanja ule wa Clintonville asingelifanya hata akiwa usingizini. Walikotoka, gari linalonguruma hivyo ni gari bovu. Ni gari lililopasukiwa na sailensa kwenye barabara ya mawe, na mwenyewe hana uwezo wa kulitengeneza. Wakamwonea huruma.

Nilimwuliza mwenyekiti wa kamati ya harusi kwenye ngazi za kanisa, mbele ya watu, kwa sababu nilitaka wasikie.

"Ile gari ilikuwa inalia kama iko na maumivu," alisema. "Tukasema, hapana, bibi harusi hawezi kufika na gari ya kuvunjika. Tukachanga. Tukaitia sailensa, échappement mupya, mbili, nzuri sana. Bon, kosa yetu iko wapi?"

"Hamkumwuliza mwenyewe."

"Mutu iko kwenye kitanda, utamusumbua na mambo ya sailensa?"

"Simu mlikuwa nayo. Ndiyo mliyomtumia video."

Kiongozi wa kwaya akaingilia kati, akitabasamu kwa ajili ya waliosimama. "Dada wa Kenya, kwenu bibi harusi anakuja na trakta?"

Walicheka wote. Niliuliza mabomba ya zamani yako wapi. Walikuwa wamempa yule mtu wa pikapu anayepita mitaa ya Linden akiokota vyuma chakavu, naye akawapa kitu kidogo, wakanunulia soda za harusi. Mwenyekiti alilieleza hilo kwa fahari, kwamba hawakupoteza chochote. Mabomba yaliyopindwa kwa mkono na mtu ambaye hatapinda mengine yalinywewa na wageni wa harusi, na hakuna hata mmoja kwenye ngazi zile aliyeona aibu.

Lililoniudhi zaidi lilikuja Jumapili ya pili. Kanisani kwao aliyepona husimama mbele na kutoa shukrani. Hutaja walioomba, waliopika, waliotembelea, na kila wema aliofanyiwa anautaja kwa jina. Kamati ilikuwa imekaa mstari wa mbele. Papa alisimama, mkono mmoja juu ya kidonda, akawashukuru akina mama kwa chakula, akashukuru kwa majani, akashukuru kwa ngazi. Kisha akasema, "Na gari yangu pia mumeiangalia. Mungu awabariki." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alinigeukia, akaniinulia nyusi.

Nilimfuata Papa hadi kwenye maegesho nikiwa nimejaa maneno.

"Umewashukuru kwa kukuharibia."

"Walitoa pesa ya watoto wao, dada. Ungetaka niseme nini pale mbele?"

"Ukweli."

"Ukweli nikiusema pale, yule binti atabeba harusi yake na lawama. Kila wakiangalia picha, watasema ile ndiyo gari ya matata." Alifungua mlango, akakaa polepole, akawasha. Injini ileile ilitoa mlio wa mtu anayeongea na shuka mdomoni. "Unaona?" alisema. "Hata yenyewe inaona haya."

Sikukubaliana naye siku ile na sijakubaliana naye hadi leo. Watu wanaotaka kushukuriwa kwa jambo wangepaswa kuwa tayari kusikia wamefanya nini. Lakini hasira yangu haikuwa inarudisha bomba lolote, kwa hiyo nilianza kufanya ninachokijua. Nilimpata mtu wa pikapu. Alinipeleka kwa mwenye yadi ya vyuma, na mwenye yadi alikumbuka vizuri, kwa sababu mabomba yale hayakukaa kwenye rundo hata siku nzima. Mnunuzi wa vipuri vya zamani aliyekuwa anapita aliyaona, akayapapasa, akayalipia bila kubishana. Alikuwa na namba za gari za Kentucky, na kwenye dirisha la nyuma alikuwa amebandika stika ya mkutano wa Louisville.

Tulikwenda Louisville kwa gari langu. Papa hakutaka kupeleka lake. Nilimwuliza njiani kama amemwambia fundi, akajibu kwamba amemtumia salamu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Muda wa kuwasha ulipofika watu walinyamaza kama ilivyo desturi, na magari yakaanza, moja baada ya jingine. Kuna lililokohoa, kuna lililobweka, kuna jeusi moja lililofanya mzee mbele yangu avue kofia. Papa alikuwa amewapa mgongo, anatazama mto. Liliwashwa gari la bluu mwishoni mwa mstari. Lilisita, likajikusanya, likasukuma. Hakugeuka haraka. Kwanza mabega yake yalishuka.

Injini haikuwa yake, lakini mabomba yalikuwa yake. Tulipiga magoti nyuma ya gari lile, na kwenye kila kona ulionekana mshono wa fundi wa Cheektowaga, uliopandana kama magamba ya samaki, ambao nilikuwa nimeuona kwenye mabomba mengine karakanani kwake.

Mwenye gari la bluu alikuwa mtu wa heshima, na hilo ndilo lililonichosha. Alitusikiliza hadi mwisho. "Nilinunua vyuma kwenye yadi ya vyuma," alisema. "Aliyeniuzia hakuniambia ni vya nani."

"Vilitolewa bila ruhusa yangu," Papa alisema, nami nikatafsiri.

"Nani alivitoa?"

 Nilijibu mimi badala ya Papa: "Marafiki zake."

Wazee waliokuwa wamekusanyika walitazamana. Mmoja aliguna kwa kicheko. Mwingine, mwenye sauti ya upole sana, alimwambia Papa kwamba mabomba ya kimya yana faida zake, majirani watampenda. Nilimwuliza kama yeye amewahi kuwatilia majirani zake sailensa. Hao ndio watu ambao Jumapili baada ya Jumapili huniambia kwamba mlio ni roho ya gari. Ilipokuja roho ya gari la Mkongo wa Linden, likawa suala la risiti.

Mwenye gari la bluu hatimaye alitoa neno lake. Alimfahamu fundi kwa sifa, kama wote pale. Kama fundi mwenyewe atamwambia kwamba seti hiyo aliitengeneza kwa ajili ya mtu huyu, atayafungua mabomba na kuyarudisha, na hatadai hata alicholipa. Alitupatia namba yake ya simu ili fundi ampigie. "Ni simu moja tu," alisema.

Tulisimama kando ya gari langu. Ilikuwa ndiyo saa ambayo fundi alikuwa anasubiri. Nilimwambia Papa apige, amweleze, mzee ataelewa.

"Nitamwambia nini? Kwamba kazi ya mwisho ya mikono yake waliiuza pamoja na makopo, wakanywa Fanta?"

"Asipojua, hupati."

"Na akijua, yeye anapata nini?"

Simu yake ililia akiwa bado ameishika. Ilikuwa namba ya Buffalo, ya fundi. Aliitazama mpaka ikaacha, haikulia tena, tukarudi Columbus.

Hayo yalikuwa masika. Sasa majani yanaanguka. Mwenyekiti wa kamati bado anasimulia habari za gari lililolia kama mgonjwa, na nikiwepo mahali hapo nasimama nasimulia sehemu aliyoiacha, watu wapende wasipende. Papa huendesha gari lake kwenda kanisani, na limebeba mabibi harusi wengine wawili. Jana mwenye gari la bluu aliniandikia kwa adabu kwamba amepata mteja wa gari lake kutoka mbali, na litaondoka na mabomba yake mwisho wa mwezi kama hatasikia kutoka kwa fundi. Nilimsomea Papa ujumbe huo. Aliniomba nimtumie namba ya fundi wa Cheektowaga, ingawa anayo. Nimeituma. Bado sijui kama amepiga.