Mashimo Yaliyoelekea Kibla

Tarehe kumi na moja Februari, Jumanne, baada ya sala ya alasiri, walimtoa mume wangu nyumbani kwenda kumzika. Mimi nilibaki ndani na wanawake wenzangu, kama ilivyo kwetu. Siku ya tatu, watu wakiwa bado mkekani wanasoma hitima, akaja mlinzi wa kiwanja cha gofu. Alivua kofia, akatoa pole, kisha akabaki amesimama. Mwishowe akasema msimamizi amemtuma kuchukua chepe la kazini.

"Chepe gani?" wifi yangu akauliza.

"Lile la mpini mrefu. Anasema ni mali ya kampuni."

Chepe lile mume wangu alikuwa nalo tangu kabla hajanioa. Mpini aliuchonga mwenyewe, akaupaka mafuta ya nazi kila mwezi mpaka ukawa mweusi. Ndilo alilochimbia makaburi ya Kaole na vijiji vya karibu, bila malipo, maana kwetu kaburi halilipwi. Wifi yangu alisimama amfukuze mlinzi. Nikamwambia ampe. Watu walidhani ni subira. Haikuwa subira. Nilitaka msimamizi alishike, nijue liko mikononi mwa nani.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Masika yalinyesha yakaisha nikiwa ndani. Wengine huitumia eda kumkumbuka marehemu, na mimi nilimkumbuka, lakini nisiseme uongo: nusu ya muda nilimkumbuka msimamizi. Nikishika tasbihi nilimwona yeye. Hakuja kuzika. Hakuja hitima. Alituma mtu achukue chepe.

Niseme jinsi mume wangu alivyoingia kwenye gofu. Walipoanza kujenga kiwanja, kwenye pwani ile kati ya Bagamoyo na Dar, walileta mashine ya kuchimba mashimo ya mchanga, yale wachezaji wanayoita mabanka. Yanachimbwa makusudi ili mpira uangukie humo na mchezaji ataabike. Mashine ikawa inabomoa kingo, kila shimo linakuwa kama bwawa la ng'ombe. Msimamizi akauliza nani anajua kuchimba kwa mkono, ukuta usimame. Watu wakamtaja mume wangu.

Mchoro aliopewa ulikuwa na viduara tu. Akauliza, "Ukuta niuweke vipi?" Msimamizi alikuwa na simu sikioni. Akasema, "Wewe chimba, Bwana Kaburi." Ndilo jina alilompa, na wenzake walicheka.

Basi akachimba kama alivyojua. Kaburi letu likishafika kina, ubavuni kwa chini, upande wa kibla, hukatwa nafasi ya kumlaza maiti. Panaitwa mwanandani. Mume wangu alikuwa amekata mwanandani maisha yake yote, mkono ulikwenda wenyewe. Kila banka alilochimba lilikuwa na ukuta mrefu upande wa kibla, na chini yake ukuta umeliwa kwa ndani, umelainishwa kwa kiganja. Mpira ukianguka mchangani ulibingirika taratibu ukajilaza mle ndani. Wachezaji walitukana, wakacheka, wakapiga picha. Mwaka haukuisha, watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuyaona mashimo yale.

Mimi nilikuwa napiga reki humohumo, kusawazisha mchanga watu wakishapita. Jioni nilimwambia, "Lakini wewe, hayo ni makaburi." Akasema, "Kaburi ni likiwa na mtu. Hilo lina mpira." Kaburi lenyewe sijawahi kuliona kwa ndani. Nililijua kwa mashimo yake.

Eda ilipokwisha nikarudi kazini. Asubuhi ya kwanza nilipita kwenye jengo la wachezaji, nikaona ubao mpya wa mbao ukutani. Nilisoma polepole, kwani shule yangu iliishia darasa la saba. Jina la msimamizi, na chini yake: Mbunifu wa Mabanka. Juu yake picha yake kubwa, amevaa shati jeupe, ameshika chepe la mume wangu. Nilisimama pale mpaka mwenzangu wa reki akaja kunivuta kanga.

"Twende, shoga. Ukimwangalia sana atapasuka."

"Na apasuke," nikasema.

Siku za Alhamisi alikuwa akija mzee mmoja wa Kihindi kutoka Dar, mstaafu, Kiswahili chake kisafi kuliko changu. Alikuwa amecheza gofu nchi nyingi. Tangu mume wangu akiwa hai, mzee huyu alipenda kukaa kivulini kunywa chai na kutuonyesha picha kwenye simu yake: mabanka ya mafundi wa zamani, waliokufa kabla hatujazaliwa. Alisema kila fundi ana mkono wake. Kuna aliyeacha kingo zimechanikachanika kama kanga kuukuu. Kuna aliyepanga ukuta wa majani tabaka juu ya tabaka kama matofali, shimo dogo, refu, ukiingia humwoni mwenzio. Mwingine aliupandisha mchanga ukutani ili umeremete kwa mbali, na mwingine aliulaza chini kama sakafu, ukuta wake ni majani matupu yaliyonyooka kama yamepigwa pasi. Majina aliyataja, hayakunikaa. Lakini mikono niliijua. Alikuwa akifunika maandishi kwa kidole ananiuliza, "Huyu nani?" nami namjibu, "Yule wa kanga kuukuu," naye anacheka mpaka anakohoa.

Alhamisi ile nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa pole ya msiba. Kisha akaniambia kwamba wenye kiwanja wanataka kujenga kingine huko Ubena, na msimamizi ndiye atakayekwenda kuwa mbunifu mkuu.

"Meneja ameniomba maoni," akasema. "Nimemwambia kwanza huyo bwana achimbe banka moja, nije nilione. Keshokutwa."

Nilimwona anataka niseme kitu. Ningesema siku ile, lingekuwa neno la mjane dhidi ya neno la bwana mkubwa. Nilitaka aumbuke kwa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, msimamizi alinifuata nikiwa ndani ya banka peke yangu. Alikuwa tayari amevaa kanzu nyeupe. Kila Ijumaa aliwatangulia wafanyakazi kwenda msikitini, kofia ya viua kichwani.

"Dada, habari za asubuhi."

"Nzuri."

"Pole na msiba. Nilibanwa sana na kazi kipindi kile."

"Tulipoa. Chepe lilifika?"

Akalipita swali. "Hivi marehemu alikuwa anaanzaje? Huu ukuta wa ndani. Alikuwa anauweka upande gani?"

"Wewe si ndiye mbunifu?"

"Acha utani, dada. Nakuuliza kiungwana."

"Kibla," nikasema.

"Eh?"

"Upande wa kibla. Mashimo yote."

Nilimwona akigeuza macho. Aliangalia bahari, akaangalia mivinje, akaangalia barabara. Msikitini alikuwa anakuta safu zimeshapangwa, anasimama kama wenzake. Pale kwenye majani hapakuwa na safu. Angeniuliza kibla ni wapi, ningemjibu, maana siwezi kumdanganya mtu kwa kibla. Na alikuwa amesimama juu ya ukuta wenyewe, angetazama tu chini ya miguu yake. Lakini mtu aliyevaa kanzu hawezi kumuuliza mpiga reki kibla kiko wapi, na kutazama chini hakutazama.

"Sawa. Kibla. Najua," akasema, akaondoka akipangusa mchanga kwenye kanzu.

Ningeweza kuinua reki nikamwonyesha kaskazini, kibla kilipo. Niliishika kwa mikono miwili isiinuke.

Jumamosi alichimba. Alichukua vibarua wawili na chepe la mume wangu, mahali palipoachwa wazi karibu na bendera ya saba. Mchana mzee akaja na meneja, na sisi wapiga reki tukasogea. Msimamizi alikuwa amesimama pembeni, ameshika kiuno. Ukuta wake mrefu, na tundu lake chini, vilikuwa vimeelekea baharini. Alifikiri Makka iko ng'ambo ya maji, basi kibla ni kwenye maji.

Mzee alishuka shimoni kwa shida, akapapasa ukuta, akatoka.

"Shimo si baya," akasema. "Lakini huyu ni mtu mwingine."

"Mwingine kivipi?" meneja akauliza.

"Yale yote yanatazama kule. Hili linatazama huku. Na yale yamekatwa na mtu aliyepiga magoti. Hili limekatwa na mtu aliyesimama."

"Nimebadili mtindo, mzee," msimamizi akasema.

"Vizuri. Na yale kwa nini yalitazama kule?"

"Upepo."

"Upepo gani?"

"Wa bahari."

"Bahari si hii hapa?"

Mwenzangu wa reki hakuweza kujizuia. "Jamani, bwana mkubwa leo kaswali kuelekea Unguja!"

Watu waliangua kicheko. Mpaka vibarua aliokuja nao walicheka. Msimamizi akawa mweupe midomo. Nilimtazama usoni muda wote, sikupepesa. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miezi mitano, na ilikuwa tamu, sitaki kusema haikuwa tamu.

Mzee akanigeukia. "Bibi, yale mengine kachimba nani?"

"Mume wangu. Kwa chepe lile pale."

"Na upande ule?"

Hapo ningeweza kuishia. Ningesema ni mazoea yake, au sijui. Lakini niliulizwa, na sijui kujibu nusu. Nikasema, "Ni kibla. Alikuwa mchimba kaburi. Kile cha ndani ni mwanandani, ndipo tunapolazwa."

Meneja alikuwa ameweka mguu mmoja ndani ya shimo. Akauondoa.

Jumatatu ubao uliteremshwa ukutani, matundu ya misumari yakabaki. Msimamizi hakwenda Ubena. Walimvua usimamizi, na kwa kuwa alikuwa na mkataba hawakumfukuza, wakamweka na sisi. Nilidhani nimemaliza. Jumatano ikaja amri nyingine: mianandani yote ijazwe udongo, kingo zilainishwe, kwa sababu wageni wakisikia wanacheza kwenye makaburi hawatarudi. Mzee alibishana na meneja mpaka sauti ikamkauka. Hakusikilizwa. Akazunguka siku nzima akiyapiga picha moja moja, akaniuliza jina la marehemu, herufi kwa herufi, akaliandika kwenye simu pamoja na mafundi wake wa kale.

Wifi yangu aliniambia, "Ungenyamaza, yangebaki." Ni kweli. Mkono wa mume wangu umefutwa kwa mdomo wangu mimi. Nimejiuliza mara nyingi kama ningepewa nafasi tena ningenyamaza, na kila mara naona uso wa yule bwana wakati watu wanacheka, na jibu nalijua.

Nilimwomba meneja mambo mawili. La kwanza, nirudishiwe chepe. La pili, lile banka la kwanza kabisa, alilolianza mume wangu, nijaze mimi. Alikubali yote mawili, akanipa na mtu wa kunisaidia.

Kabla hatujaanza nililala kifudifudi mchangani nikaingiza mkono mle ndani mpaka begani. Palikuwa na ubaridi. Alama za vidole vyake zilikuwa bado ziko juu, mvua haikuzifikia. Wanaume walimwona anapolazwa. Mimi niliona pale.

Kisha nikasimama ukingoni na chepe. Aliyekuwa chini shimoni, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa msimamizi. Nikamwaga chepe la kwanza la udongo. Lilimwangukia begani.

"Taratibu, dada. Unanimwagia."

"Lisukume ndani," nikamwambia. "Mpaka mwisho kabisa. Kwa mikono."

"Halifiki."

"Piga magoti litafika."

Akapiga magoti, akainamisha kichwa, akaanza kuusukuma udongo kwa viganja. Alikuwa ameelekea kibla sawasawa. Nikachota jingine, nikamwaga.