Maji ya Mama na Mizani ya Mbaazi

Daktari alisema hatampasua mama ngiri ya kitovu mpaka ashuke chini ya kilo themanini na sita. Siku hiyo, hospitalini Karatu mjini, alikuwa na tisini na sita. Tukapewa miezi miwili. Ngiri ilikuwa imeanza kumuuma hata akicheka, na mama yangu ni mtu wa kucheka.

Dawa ililetwa na mwimbaji mwenzake wa kwaya: vikombe viwili vya maji ya moto kabla ya kila mlo, kwa kuwa maji huyeyusha mafuta. Mimi nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Endamarariek na shahada yangu, sina kazi, nabishia kila kitu. Nikamwambia mama maji na mafuta hayapatani, aangalie tu sufuria iliyopikiwa nyama.

"Na hiyo sufuria wewe unaiosha kwa maji gani?" akauliza.

Ya moto. Nilikuwa na hakika hoja yake ina kasoro, ila sikuiona ilipo.

Nyumbani hatukuwa na mizani. Lakini ulikuwa msimu wa mbaazi, na mnunuzi alikuwa ameweka yake pale senta, ile ya chini ya kupimia magunia. Kila Jumamosi tulipopeleka gunia, likishashushwa, mama alivua viatu akapanda, nami nikaandika kwenye simu. Wiki ya kwanza: tisini na moja. Kilo tano kwa siku saba. Mnunuzi akamtania kwamba akiendelea hivyo atampima kwa debe.

Nilitafuta maelezo mtandaoni. Mmoja alisema maji hujaza tumbo tu, mwingine akasema hayasaidii kitu, wa tatu alikuwa anauza chupa. Nyumbani nako mambo yalichanganyikana. Mama alikuwa anabakiza nusu ya ugali. Chai ya maziwa ya saa nne ameiacha, tumbo limejaa. Safari za kwenda chooni, mwisho wa shamba, hazikuwa na idadi. Sasa kinachompunguza ni maji, ugali unaobaki, sukari isiyonywewa, au mwendo wa chooni? Nikashauri aache maji wiki moja tuone. Akaniuliza kama chuoni walinifundisha kufuga panya.

Jumamosi ya mwisho mizani ilisoma themanini na tano. Mama akafungasha khanga, beseni na chupa ya chai yenye maji ya moto, tayari kulazwa.

Hospitalini nesi alisoma tisini.

Mama akashuka, akapanda tena. Nikamwambia nesi mizani yao ina hitilafu. Hakukasirika, alitupeleka chumba cha pili, kwenye mizani nyingine. Tisini.

Hapo ndipo nilipofungua simu na kuona nilichokuwa nimekiandika mwenyewe. Wiki ya kwanza pengo kati ya mizani ya hospitali na ya senta lilikuwa kilo tano. Leo pia, tano.

"Mama, ile mizani ni ya mnunuzi."

Kwetu hakuna asiyejua kwamba mizani za wanunuzi zinapunja. Mama mwenyewe hulalamika kila msimu. Mimi nilibishia maji, nikabishia kwaya, nikambishia hata nesi, lakini ile mizani sikuiuliza swali hata moja. Ilikuwa inatuambia tulichotaka kusikia.

Mama alikaa kwenye benchi. "Kumbe na mbaazi zangu zote," akasema taratibu.

Daktari akatuambia turudi baada ya mwezi. Kilo sita zimepungua kweli, alisema, akataka kujua mama anafanya nini. Mama akanigeukia nijibu, maana ndimi niliyesoma. Nikasema anakunywa maji. Daktari akaandika kitu, sikuona ni nini.

Nje, mama akafungua kifurushi cha maandazi tuliyobeba.

"Kwa hiyo ni maji?"

"Sijui, mama."

"Niache au niendelee?"

Nilitaka kumwambia aache, nikataka kumwambia aendelee. Ngiri ilikuwa palepale, na mwezi ni mfupi. Nikafungua chupa, nikamimina kikombe cha kwanza. Alipokimaliza nikamimina cha pili. Maandazi alikula moja, mengine akanirudishia.