Nyuzi za Migomba Ndani ya Plastiki

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa atelie, mkuu wa karakana yetu, alinipa fungu la nyuzi za migomba, akaniambia nizishike mpaka nizizoee. Nilikaa nazo mapajani asubuhi nzima. Zilikuwa nyepesi, zenye kung'aa, kama nywele za mutu aliyelala.

Ninyi vijana hamkuiona kazi ile. Mgomba ukishatoa ndizi, shina hutupwa. Sisi tuliliparua, tukaloweka nyuzi katika maji ya soda kali ya kutengenezea sabuni ili utomvu utoke, tukazisuuza na kuzianika. Kisha tuliyeyusha vipande vya bidoni, madumu ya plastiki makuukuu, tukachanganya, tukakandamiza katika kalibu ya chuma, tukapata vibao vya sakafu. Moto ukizidi, uzi huungua na nguvu inakwisha. Plastiki peke yake hujipinda; uzi ndio mifupa yake.

"Uzi ikiwa na maji, ndani kunabakia mapovu," Shefu aliniambia. "Macho haitaona. Mutu atakanyaga, itapasuka."

Volkano iliposhuka mjini, atelie ilifunikwa na lava. Baadaye tulisimama juu ya jiwe jeusi, joto likipanda miguuni, ukungu wa ziwa ukipita kati yetu, tukibishana taratibu mlango ulikuwa wapi. Shefu akajenga kibanda papo hapo.

Miaka ikapita, waasi wakafunga barabara ya Rutshuru, ilikotoka migomba yetu. Nyuzi zikaisha, nasi tulikuwa tumeahidi sakafu za vyoo kwa wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya. Huko nilimkuta Mama Furaha, aliyekuwa akituparulia migomba Rutshuru kabla hajakimbia vita. Alikuwa na mimba kubwa. Godoro lake alikuwa amelifunga kwa nyuzi zetu.

"Ni za mwisho," alisema, akizifungua anipe. "Sikutaka kuziacha."

Zilitosha sakafu moja. Mvua haikukatika, hivyo nilizikausha juu ya moto wa makala, nikizigeuza, nikiogopa. Tulipoitandika juu ya shimo la choo, watu walisimama mbali. Hakuna aliyeiamini plastiki.

Mama Furaha akaniangalia. "Ulizikausha muzuri?"

"Nilizikausha, mama."

Kabla sijatangulia kuijaribu, alipanda. Alisimama katikati, mikono tumboni, akiegemea huku na huku kama anayebembeleza mutoto. Sakafu haikulia. Nyuma yake watu wakaanza kupanga mstari.

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa kwa soda. Binti yake Mama Furaha, aliyezaliwa wiki ile, anauza samaki wa Vitshumbi sokoni. Hanijui. Juzi alinisalimia, "Jambo, mama," nikaitikia, nikamtazama akienda na beseni lake kichwani, mpaka ukungu ukamfunika.