Goti la Emerensiana

Emerensiana wa Kakese hupanda mpunga akirudi nyuma, kama wanawake wote wa huko, ila yeye hurudi nyuma kwa kasi ambayo wengine huendea mnadani. Ardhi ile nyeusi imemlisha miaka ishirini. Agosti iliyopita ikamwangusha. Alikuwa na gunia kichwani, tuta likamomonyoka chini ya mguu, na goti la kulia likajipinda, likalia kama kijiti kikavu kinachovunjika.

Uvimbe ulipotulia, mguu haukuaminika tena. Akapanda bodaboda hadi Mpanda mjini kwa Osward, mtaalamu wa viungo, kijana wa Dar es Salaam mwenye mwaka mmoja tu Katavi. Baba mkwe wa Emerensiana, mzee Telesfori, akafuata na bodaboda ya pili. Mke wa mwanawe, alisema, hapelekwi kupimwa kama debe la mahindi.

Osward alimbandika vibandiko vinavyong'aa kuanzia nyonga hadi kisigino, akasimamisha simu mbili za kurekodi, akamwambia atembee kwenda na kurudi mara sita. Picha zikaingia kwenye kompyuta, na humo akatokea mtu wa mifupa mitupu, anatembea vilevile kama yeye. Kano za goti, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa wa paja na wa muundi, zilichorwa kijani. Zikizidiwa na mzigo, hugeuka nyekundu.

Zikageuka nyekundu. Kila alipopita, goti lilikunjika ghafla mara moja.

"Mama, goti linakuachia," Osward alisema. "Ikiwa hivi nitakuandikia rufaa. Wanaweza kukupasua, halafu miezi tisa hakuna kuingia shambani."

Miezi tisa. Januari, mwezi wa kupanda, ingefika na kupita, majaruba yamelala yamejaa maji, yanatazama mawingu tu. Emerensiana hakulia. Alivuta kiti, akaomba aone tena. Akatazama mara mbili, mara ya tatu akaanza kutabasamu.

"Daktari, huyu mifupa anamwamkia nani?"

"Anamwamkia?"

"Si unaona? Akifika hapo, anapiga goti. Akirudi, hapohapo, anapiga tena. Huko si kuanguka. Hiyo ni adabu."

Wakageuka wote wawili. Kwenye benchi la pembeni, usawa wa katikati ya njia, mzee Telesfori alikuwa ameketi na fimbo yake mapajani. Mke wa mwana hapiti mbele ya baba mkwe bila kukunja goti, na mwili wa Emerensiana ulikuwa umefanya hivyo mara kumi na mbili bila hata kumwuliza mwenyewe. Osward macho yake yalikuwa kwenye simu. Kompyuta nayo haina mkwe, ikaona ugonjwa.

"Mzee, naomba utusubiri nje."

"Mimi? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Unaheshimiwa mno, goti haliwezi."

Mzee akacheka hadi akakohoa, akatoka akijikongoja.

Safari ya pili hakuna aliyetania. Emerensiana alitembea, akasimama nyuma ya kiti cha Osward, akashika ncha ya khanga. Mtu wa mifupa akapita. Kijani. Akarudi. Kijani, na rangi ya njano kidogo kwenye kona. Osward akaligusa goti lenyewe, akalivuta mbele na nyuma, akalinganisha na la pili.

"Kano imechanika kidogo, haijakatika. Hupasuliwi, mama. Mazoezi, basi."

"Na mpunga?"

"Hebu nionyeshe mnavyopanda."

Akainama pale sakafuni, akapanda miche isiyokuwepo, akajipinda kuchukua mingine. Kwenye kompyuta kano ikawaka nyekundu.

"Hapo! Ukigeuka huku mguu umenasa, unaimaliza. Ng'oa mguu kwanza, ndipo ugeuke."

"Kwenye tope? Njoo Kakese, tukuone ukiung'oa."

Miezi minne alisukuma ukuta kwa mgongo, akanyanyua kwa mguu mfuko wa mchanga, akasimama kwa mguu mmoja akisonga ugali. Januari akaingia jarubani. Mguu juu, kisha mwili. Mguu juu, kisha mwili.

"Mama Shukuru!" Kasilda, jirani yake, alipaza sauti, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Leo umekuwa bibi harusi? Mbona unatembea kwa mapozi?"

"Panda, wewe. Maneno hayaoti."

Siku hiyo alifika mwisho wa jaruba akiwa wa tatu, yeye aliyezoea kuwa wa kwanza. Akaketi, akaosha tope kwenye goti, akalikunja na kulikunjua. Halafu akasimama na kuomba aletewe miche mingine.