Mtindi wa Kijani

Sikiliza, ndugu yangu mwenye lori zee. La kwangu lilipunguza yale maji ya kijani ya rejeta kila safari ya Mbeya kwenda Iringa, na injini ilikaribia kuungua. Mimi, bingwa wa mafundi, nililala chini yake wiki nzima nikitafuta tone. Pakavu. Safari moja, kapeti ya ndani ya lori ikalowa miguuni pa mke wangu, aliyekaa kiti cha abiria na dumu lake la mtindi, nikamsihi kwa hekima zangu zote, "Mama, funga vizuri dumu lako la mtindi."

Akayagusa yale majimaji, akanionyesha kidole kilicholowa kijani. "Baba, ng'ombe gani wa Usangu anatoa mtindi wa kijani?"

Kumbe hita tunayoiwasha kwa baridi ya Mafinga, ambayo hupitisha maji hayo hayo ya rejeta, ilikuwa inavujia ndani. Maji yakipungua na chini ni pakavu, papasa kwanza kapeti upande wa abiria.