Magari Nyuma ya Duka la Matairi

Reino Saarela alilizunguka kanisa la Kilutheri mara mbili, asithubutu kusimama. Mji wetu umebanwa kati ya msitu na Ziwa Superior, na kila mtu analijua gari la mwenzake hata likiwa limezikwa na theluji. Reino mwenyewe ndiye anayetusafishia barabara majira ya baridi. Angeegesha pikapu yake nyekundu mbele ya kanisa Jumatano jioni, siku wanapokutana wanaotaka kuacha pombe, kesho yake angesikia habari zake kwenye foleni ya mkate. Akaenda kujificha ng'ambo ya barabara, nyuma ya duka la matairi la Usko, ambalo saa hizo lilikuwa limeshafungwa.

Kumbe pale pamejaa. Magari yamebanana kama ng'ombe waliokimbia upepo, na la mwisho kabisa ni la kijivu, la Marlys, binti yake.

Marlys hakuwa amesema naye tangu Novemba, tangu ile Jumamosi ya sauna. Kwetu Jumamosi ni siku ya kuoga mvuke, kila nyumba ina kijumba chake uani. Baba yake Reino, enzi zake, alikunywa bia akitoka mle ndani. Jumamosi ile Reino alianza kunywa kabla ya kuwasha moto. Aili, mjukuu wake wa miaka sita, alitangulia kuingia. Babu akaketi nje avute pumzi kidogo, akasinzia, kiti chake kimeegemea mlango. Marlys alipokuja kumchukua mtoto alikuta ngumi ndogo zinagonga mbao, na sauti imekauka kwa kulia.

Mtoto alipona. Reino alipofungua kinywa kuapa, Marlys alimkata: "Usiniahidi kitu, baba. Ahadi zako nimezila tangu utotoni, hazishibishi." Tangu siku hiyo Reino hajamwona Aili.

"Amekuja kunivizia," Reino aliwaza. Akashika ufunguo awashe gari aondoke.

Dirisha likagongwa. Alikuwa Bernadine, mpishi wa shule, kakumbatia sinia la mkate mtamu wa iliki.

"Reino! Umekuja kununua matairi?"

"Eeh. La mbele limechakaa."

"Hata sisi tunakuja kununua matairi kila Jumatano. Miaka nenda rudi, mwenzio sijaambulia hata moja. Hebu nishikie sinia, vidole vinaganda."

Reino akalipokea. Atamkimbiaje mwanamke na mkate wake?

Wakavuka barabara, wakashuka ngazi za pembeni hadi chumba cha chini cha kanisa. Palikuwa na viti vya kukunja na birika kubwa la kahawa. Mzee Urho, aliyewahi kuchimba shaba, alimtazama akasema, "Umechelewa, bwana. Tulikungoja tangu nywele zako zikiwa nyeusi." Watu wakacheka, na Reino naye akajikuta anacheka.

"Mgeni huosha vikombe," Bernadine akamwambia.

"Kwa nini mgeni?"

"Mwenye vikombe vya kuosha hatoroki kabla ya mwisho."

Zamu yake ya kusema ilipofika alisimama. "Mimi Reino."

"Karibu, Reino," wakaitikia wote.

Alitaka kusema kwamba amekuja kusikiliza tu. Juu ya dari viti vikakokotwa, nyayo zikapita.

"Nani wako huko juu?"

"Watu wetu," Bernadine alijibu. "Wake, waume, watoto. Nao wana kikao chao."

Reino akaikodolea macho dari. Basi Marlys hakuja kumvizia. Alikuja na kidonda chake.

"Marlys ameanza lini kuja?"

"Ya juu hayashuki, ya chini hayapandi," alisema Bernadine. Ndiyo sheria, na haya nisingeyaandika kama Reino mwenyewe asingeniruhusu.

Reino akabaki amesimama. "Nilizuia mlango," akasema. "Mtoto alikuwa ndani."

Hakuna aliyeguna wala kumwambia pole. Mzee Urho akamsogezea kikombe. "Endelea."

Akaendelea. Kisha akaosha vikombe, kimoja kimoja, polepole, akiogopa kutoka nje.

Nyuma ya duka la matairi, Marlys alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Hakugeuka.

"Mama naye alikuwa anaegesha hapahapa," alisema. "Wewe ukidhani yuko kwaya."

Helmi, marehemu mkewe, miaka yote ile ya kwaya hakuwahi kuimba wimbo hata mmoja nyumbani, na Reino hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Aili hajambo?"

"Anaoga kwenye beseni, jikoni. Mlango ukifungwa analia."

Upepo wa ziwani ukapita kati yao. Marlys akamgeukia. "Jumatano ijayo utakuja?"

Ahadi ikampanda kooni, tamu, imeiva, kama zilivyoiva zote zilizotangulia. Akaimeza.

"Sijui, mwanangu. Kesho nataka nisinywe. Zaidi ya hapo sijui."

Marlys alimtazama sana, kama mtu anayeangalia barafu ya ziwa kabla ya kuikanyaga. Hakusema lini atamleta mtoto. Alikwenda kwenye pikapu, akakwangua kioo upande wa dereva, upande huo tu, kisha akaingia garini mwake.

"Endesha taratibu, baba. Barabara inateleza."

Barabara ile alikuwa ameisafisha Reino mwenyewe asubuhi.

"Haya, mama," akajibu.